Utoko wa Uke na Homoni za Kupanga Uzazi

Mwanamke anapoanza kutumia njia ya kupanga uzazi yenye homoni, iwe ni vidonge, sindano, vipandikizi au kitanzi, mambo mawili hubadilika mwilini mwake kwa namna anayoweza kuiona kwa macho yake mwenyewe: damu ya hedhi, na utoko, yaani ute na majimaji yanayotoka ukeni katika siku ambazo si za hedhi. Kuhusu damu, wauguzi wa kliniki za uzazi wa mpango husema mengi, kwa sababu damu inayokatika au inayotoka bila mpangilio huwatia wanawake hofu na kuwafanya waache njia waliyoichagua. Kuhusu utoko husemwa machache, na mara nyingi hakusemwi lolote. Mhadhara huu unahusu hilo la pili. Hoja yake ni kwamba badiliko la utoko, kwa sehemu kubwa ya njia hizi, ndiyo kazi yenyewe ya njia ikionekana kwa nje, na kwamba mwanamke ambaye hakuelezwa hilo siku aliyopewa njia huachwa katika hatari mbili zinazovutana: ya kumeza dawa za ugonjwa asiokuwa nao, na ya kuuvumilia kwa miezi ugonjwa alio nao kwa kuamini kwamba ni homoni tu.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ijulikane utoko hutokana na nini. Uke wenyewe hauna tezi, yaani viungo vidogo vya kutengeneza na kutoa majimaji. Unyevu wake hutoka katika mishipa ya damu, ambayo maji yake hupenya taratibu kupitia kuta za uke, na hutoka pia juu, katika mlango wa kizazi, ambao ni sehemu nyembamba ya chini ya mji wa mimba inayojitokeza ndani ya uke. Mlango huo una mikunjo mingi ya ndani iliyofunikwa na seli zinazotoa ute, na ute huo huteremka na kuchanganyika na majimaji ya kuta, na seli kongwe za utando wa uke ambazo hubanduka kila siku, na bakteria wanaoishi humo kwa kawaida. Mchanganyiko huo, ambao kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hufikia kati ya mililita 1 na 4 kwa siku, ndio utoko. Huwa mweupe au usio na rangi, hukauka kwenye nguo ya ndani na kuacha doa la manjano hafifu, una harufu kidogo isiyokera, wala hauwashi. Wingi wake hutofautiana sana kati ya mwanamke na mwanamke, na hata kwa mwanamke mmoja kati ya juma na juma, kwa hiyo kipimo cha kwanza cha afya katika jambo hili ni hali ambayo mwenyewe ameizoea, na wala si hali ya dada yake au ya jirani.

Kwamba utoko huo ni kinga, na si taka ya mwili, ni jambo lililoanza kueleweka vizuri mwaka 1892, wakati daktari Mjerumani Albert Döderlein alipochapisha uchunguzi wake kuhusu majimaji ya uke na uhusiano wake na homa ya uzazi iliyokuwa ikiua wazazi wengi wa Ulaya. Döderlein alieleza juu ya bakteria wenye umbo la fimbo wanaotengeneza asidi, na bakteria hao leo huitwa laktobasili. Maelezo ya kazi yao yanahusu homoni moja kwa moja. Estrojeni, homoni inayotolewa na ovari, huufanya utando wa uke kuwa mnene na kuujaza glaikojeni, ambayo ni aina ya wanga uliohifadhiwa ndani ya seli; seli hizo zikibanduka, wanga wake humeng'enywa kuwa sukari nyepesi, na laktobasili huila sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki, ile ile inayoyafanya maziwa yawe machachu. Kwa sababu hiyo uke wenye laktobasili wengi huwa na kiwango cha pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ambacho namba yake hushuka kadiri asidi inavyozidi, cha kati ya 3.8 na 4.5, na katika ukali huo vijidudu vingi vya maradhi hushindwa kustawi. Hata hivyo si wanawake wote wenye afya walio na hali hiyo. Utafiti wa Jacques Ravel na wenzake uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusu wanawake 396 wa Amerika Kaskazini wasiokuwa na dalili zozote, ulionyesha kwamba jumuiya za bakteria ukeni ni za aina tano, na kwamba ile yenye laktobasili wachache ilionekana zaidi kwa wanawake Weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Anayewahudumia wanawake wa Afrika hana budi kulikumbuka hilo kabla ya kuuita ugonjwa utoko ambao mwenyewe haumsumbui.

Sehemu ya pili ya utoko, ule ute wa mlango wa kizazi, ndiyo inayobadilika zaidi, na ndiyo inayolengwa na njia za homoni. Ute huo ni wavu wa nyuzi za protini zilizofungamana na sukari, ambao matundu yake hujaa maji. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko wa hedhi, estrojeni inapopanda kuelekea kupevuka kwa yai, maji katika ute hufikia kama asilimia 98, matundu ya wavu hupanuka, na ute huwa mwingi, mwepesi, angavu na wenye kuvutika kati ya vidole viwili kwa sentimita 8 hadi 10 bila kukatika. Huo ndio ute wa rutuba: mbegu za kiume huogelea ndani yake kwa urahisi na huweza kuishi humo hadi siku tano, ilhali katika asidi ya uke peke yake hufa baada ya saa chache. Yai likishatoka, ovari huanza kutoa projesteroni, homoni inayoandaa mji wa mimba kupokea kiumbe, na chini ya homoni hiyo ute hupungua, huwa mzito, wenye kunata na wa rangi ya maziwa, na matundu ya wavu hubana kiasi kwamba mbegu hazipenyi. Madaktari John na Evelyn Billings wa Melbourne, Australia, waliyajengea mabadiliko hayo njia nzima ya kutambua siku za rutuba, na Erik Odeblad wa Sweden aliwaunga mkono kwa kuuchunguza ute huo kwa vipimo vya kifizikia na kuugawa katika aina mbalimbali. Mwanamke aliyefundishwa kuutazama utoko wake huweza, bila kifaa chochote, kujua ovari zake zimefikia wapi, na ni jambo la kusikitisha kwamba elimu rahisi kama hiyo huwafikia wasichana wachache mno.

Njia za homoni huuvunja mpangilio huo wa kupanda na kushuka. Zote zina projestini, ambayo ni homoni iliyotengenezwa maabara ifanye kazi kama projesteroni, na baadhi huongezewa estrojeni. Kidonge cha kwanza kuidhinishwa nchini Marekani kwa ajili ya kuzuia mimba, mwaka 1960, kilichotokana na kazi ya Gregory Pincus, Min Chueh Chang na John Rock, kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni; vidonge mchanganyiko vya leo, yaani vile vyenye homoni zote mbili, huwa na mikrogramu 20 hadi 35 tu za estrojeni ya aina nyingine. Homoni hizo huizuia ovari isipevushe yai, kwa hiyo kile kilele cha estrojeni cha katikati ya mwezi hakitokei, na ute mwepesi unaovutika hauonekani tena. Mahali pake huwa na utoko unaofanana kwa majuma yote matatu ya vidonge vyenye dawa, mweupe na mzito kiasi, ambao kwa wanawake wengine ni mwingi kuliko walivyozoea na kwa wengine ni haba. Katika siku saba za vidonge visivyo na dawa ovari huanza kuamka kidogo na ute huweza kulegea, na hapo ndipo ilipo sababu ya vidonge vinavyosahauliwa mwanzoni mwa pakiti mpya kuwa hatari kuliko vinavyosahauliwa katikati, kwa maana kusahau huko huurefusha muda ambao ovari imeachwa bila kizuizi.

Uhusiano wa dawa na ute huonekana wazi zaidi katika vidonge vyenye projestini peke yake, ambavyo hupewa hasa akina mama wanaonyonyesha kwa kuwa havipunguzi maziwa. Vile vya aina ya zamani vina mikrogramu 30 tu za levonogestreli, kiasi kidogo mno kisichoweza kuinyamazisha ovari kila mara, na katika karibu nusu ya mizunguko yai huendelea kupevuka kama kawaida. Kinachozuia mimba katika mizunguko hiyo ni ute. Saa chache baada ya kidonge kumezwa ute huwa mzito, na saa ishirini na nne zinapokaribia kutimia huanza kurudi katika hali yake. Ndiyo maana mwanamke huambiwa akimeze saa ile ile kila siku, na ndiyo maana anayechelewa kwa zaidi ya saa tatu huambiwa atumie kondomu kwa siku mbili zinazofuata huku akiendelea na vidonge vyake. Sharti hilo la saa tatu huwachosha wanawake wengi, nao huliona kama ukali wa muuguzi usio na sababu, kwa kuwa hawakuambiwa kwamba wanalinda ukuta unaobomoka na kujengwa upya kila siku. Mama anayenyonyesha hapaswi pia kushangaa akiona ukavu, kwa maana homoni ya kutengeneza maziwa huishusha estrojeni yake hata kabla hajameza kidonge cha kwanza, na ukavu huo si wa kukilaumu kidonge peke yake.

Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huzungumzia utoko wa mtumiaji wa vidonge mchanganyiko, kwa sababu huko ndivyo vilivyozoeleka kwa muda mrefu. Afrika Mashariki hali ni tofauti. Nchini Tanzania na Kenya sindano na vipandikizi, ambavyo wengi huviita vijiti, ndizo njia zinazoongoza miongoni mwa wanawake wanaotumia njia za kisasa, na njia hizo zote mbili kwa kawaida ni za projestini peke yake. Sindano ya miezi mitatu ina miligramu 150 za medroksiprojesteroni ikidungwa kwenye msuli, au miligramu 104 ikidungwa chini ya ngozi. Vipandikizi ni kijiti kimoja chenye miligramu 68 za etonogestreli, au viwili vyenye miligramu 75 za levonogestreli kila kimoja. Kwa hiyo mwanamke wa Singida au wa Kakamega anayetumia njia ya homoni, kwa uwezekano mkubwa, haoni utoko unaoongezeka, ila huona mojawapo ya mambo mawili mengine ambayo vitabu hivyo havikuyapa nafasi ya kutosha: ukavu, au utoko wenye rangi ya kahawia.

Ukavu hutokea zaidi kwa sindano. Medroksiprojesteroni huinyamazisha ovari kwa nguvu, na estrojeni ya mwili hushuka hadi kiwango kama cha siku za mwanzo za mzunguko na kubaki hapo. Utando wa uke hupungukiwa na glaikojeni, ute wa mlango wa kizazi huwa mchache na mzito, na baadhi ya wanawake huhisi maumivu wakati wa tendo la ndoa. Si wote wanaopatwa na hali hiyo, wala haina maana kwamba sindano imeharibu kizazi, kama inavyosemwa mitaani, lakini ni hali halisi inayostahili kusikilizwa na kushughulikiwa. Vilainishi vya maji husaidia, ilhali mafuta ya nazi na mafuta ya kujipaka ya mgando hayafai kabisa pamoja na kondomu za mpira wa kawaida, kwa kuwa huulainisha mpira huo na kuupasua. Kinachoumiza zaidi ni kwamba ukavu husomwa vibaya ndani ya nyumba: mume huuchukulia kuwa ni dalili ya kutotakwa, na mke, ambaye pengine alichoma sindano kwa siri, hana pa kuanzia kueleza. Mhudumu anayemwambia mapema kwamba jambo hilo huweza kutokea, kwamba linatokana na dawa na kwamba kuna njia nyingine za kubadilisha, humwondolea mzigo ambao hakuna dawa ya hospitali ingeuondoa.

Utoko wa kahawia nao ni damu. Projestini ikitumika peke yake huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba uwe mwembamba na dhaifu, nao humeguka kidogo kidogo bila kufuata mwezi. Damu hiyo, ikiwa chache, hukaa njiani, hukauka na kubadilika rangi, kisha hushuka ikiwa imechanganyika na ute mzito. Mwanamke asiyejua huona uchafu mweusi au wa rangi ya udongo, mara nyingine wenye harufu ya damu kongwe, na hudhani kwamba anaoza ndani. Hali hiyo huwa kali zaidi katika miezi ya mwanzo, na kwa sindano wanawake wengi hufika mahali damu hukatika kabisa baada ya mwaka, bila damu yoyote kujilimbikiza tumboni, kwa sababu utando haukujengeka na hapakuwa na cha kutoka.

Kitanzi chenye levonogestreli hufanya kazi yake zaidi mahali pale pale kilipo, na ute wa mlango wa kizazi huwa mzito tangu mwanzo huku ovari za wanawake wengi zikiendelea na mizunguko yake. Hakipaswi kuchanganywa na kitanzi cha shaba, kinachoitwa lupu na wengi, ambacho hakina homoni hata chembe; shaba huongeza damu ya hedhi na kwa wanawake wengine huongeza utoko, lakini haibadilishi mzunguko wa homoni, na ute wa rutuba huendelea kuonekana kila mwezi. Pete ya uke yenye estrojeni na projestini, ambayo mwanamke huiweka mwenyewe kwa majuma matatu, haijaenea Afrika Mashariki. Hiyo hujulikana kwa kuongeza utoko, na tafiti zimeonyesha kwamba huongeza pia laktobasili.

Vidonge mchanganyiko vina athari moja zaidi inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu inakaribiana na ugonjwa wa kuogopwa. Seli zinazotoa ute, ambazo kwa kawaida hukaa ndani ya mlango wa kizazi, huweza chini ya estrojeni kujitokeza nje na kufunika sehemu ya mlango inayotazama uke; hali hiyo huonekana pia kwa wasichana na kwa wajawazito, na si kidonda wala si saratani, ingawa sehemu hiyo huonekana nyekundu. Seli hizo ni laini na hutoa ute kwa wingi, na kwa hiyo mwanamke hupata utoko mwingi usio na harufu, na pengine matone ya damu baada ya tendo la ndoa. Mara nyingi hahitaji tiba yoyote. Lakini damu baada ya tendo la ndoa ni dalili ya saratani ya mlango wa kizazi vilevile, na saratani hiyo inaua wanawake wengi Afrika Mashariki. Aidha, kutumia vidonge mchanganyiko kwa miaka mitano au zaidi kumehusishwa na ongezeko dogo la hatari yake, ongezeko ambalo hupungua baada ya kuviacha. Kwa hiyo hakuna mhudumu anayepaswa kusema kwamba ni vidonge tu kabla ya kuutazama mlango wa kizazi. Uchunguzi wa kupaka asidi ya asetiki, ambayo ndiyo kiini cha siki, na kuangalia iwapo kuna sehemu inayogeuka kuwa nyeupe, hufanyika hata katika vituo vya afya visivyo na maabara kubwa, na mwanamke ana haki ya kuuomba.

Swali ambalo wanawake huuliza zaidi ni iwapo homoni hizi huleta maambukizi ukeni. Jibu si la neno moja. Hali inayoongoza kwa kubadilisha utoko duniani ni vajinosisi ya bakteria, ambapo laktobasili hupungua na bakteria wasiohitaji oksijeni hushika nafasi yao. Utoko huwa mwepesi, wa kijivu, na wenye shombo inayozidi baada ya tendo la ndoa au wakati wa hedhi. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watumiaji wa njia za homoni wana hatari ndogo zaidi ya kupata hali hiyo kuliko wasiozitumia, pengine kwa sababu wanapata damu kidogo ya hedhi, na damu huipunguza asidi ya uke. Kwa fangasi mwelekeo ni mwingine: fangasi wa kandida hupenda uke wenye estrojeni na glaikojeni nyingi, na vidonge vya zamani vya dozi kubwa vililaumiwa kwa hilo, ilhali ushahidi kuhusu vidonge vya leo unapingana. Utoko wake ni mzito, mweupe, wenye mabonge, hauna harufu kali, na huambatana na muwasho mkali. Trikomona, kijidudu kinachoambukizwa kwa ngono ambacho Alfred Donné alikieleza mjini Paris mwaka 1836, hutoa utoko wa manjano au wa kijani wenye povu, na hapana njia ya homoni inayokizuia, kama vile hapana inayozuia kisonono, klamidia au virusi vya UKIMWI.

Kuhusu virusi hivyo palikuwapo hofu ya miaka mingi kwamba sindano, kwa kuupunguzia utando wa uke kinga yake, huongeza maambukizi. Utafiti mkubwa ulioitwa ECHO, uliowahusu wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Eswatini, Zambia na Kenya, ambako kituo chake kilikuwa Kisumu, uliwagawa washiriki kwa bahati nasibu kati ya sindano, kipandikizi cha levonogestreli na kitanzi cha shaba, na matokeo yake ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo tatu. Shirika la Afya Duniani liliondoa mwaka huo huo tahadhari liliyokuwa limeiweka juu ya sindano. Jambo la kusikitisha ni kwamba maambukizi yalikuwa mengi katika makundi yote matatu, karibu 4 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka, ingawa washiriki walipewa ushauri na kondomu. Ute mzito unaozuia mbegu hauzuii virusi, na hilo halina budi kusemwa kila mara njia inapotolewa.

Ugumu mkubwa uko zahanati. Kwa kuwa maabara ni chache, maradhi ya ngono yamekuwa yakitibiwa kwa kufuata dalili, yaani mgonjwa hupewa dawa za maradhi yote yanayoweza kuleta dalili aliyoitaja bila kusubiri kipimo. Mpango huo una heshima yake katika historia ya tiba ya Tanzania: jaribio lililofanyika vijijini mkoani Mwanza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995, lilionyesha kwamba kuboresha tiba ya maradhi ya ngono kwa namna hiyo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa kadiri ya asilimia 40. Kwa mwanamume anayetokwa na usaha mpango huo hufaa sana. Kwa mwanamke anayelalamikia utoko ni dhaifu, kwa maana utoko mwingi unaolalamikiwa hutokana na vajinosisi, na fangasi, au na mwili wenyewe, ilhali kisonono na klamidia hujificha ndani ya mlango wa kizazi na mara nyingi hazitoi dalili yoyote. Mtumiaji wa vidonge anayesema kwamba uchafu umeongezeka hurudi nyumbani na mifuko ya vidonge vya aina tatu na agizo la kumleta mumewe. Dawa huwaua laktobasili, fangasi hupata nafasi, na ndani ya nyumba tuhuma ya uzinzi huzaliwa kutokana na utoko ambao ulikuwa kazi ya homoni. Swali moja la nyongeza, kwamba anatumia njia gani na tangu lini, lingeweza kuyazuia yote hayo, na halihitaji maabara.

Mwanamke mwenyewe naye, akiuona utoko umebadilika, huenda akajaribu kuuosha. Kujisafisha ndani kwa sabuni, dawa za kuua vijidudu au vitambaa ni desturi iliyoenea sehemu nyingi za Afrika, na uchambuzi wa tafiti 13 zilizofuatilia wanawake kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2011, uliihusisha sabuni na vitambaa na ongezeko la maambukizi ya VVU. Uke hujisafisha kwa utoko huo huo unaotafutwa kuondolewa. Maji matupu kwa sehemu ya nje yanatosha, na mtumiaji wa sindano, ambaye tayari ana unyevu mchache, ndiye aliye na sababu zaidi ya kuepuka kujikausha.

Basi yanayopaswa kuelezwa katika chumba cha ushauri si mengi, na dakika tano zinayatosha. Atakayetumia vidonge mchanganyiko ajue kwamba ule ute wa kuvutika utatoweka na utoko mweupe unaweza kuongezeka. Atakayechoma sindano au kuwekewa vijiti ajue kuhusu ukavu na rangi ya kahawia. Na wote wajue kwamba shombo, muwasho, povu, rangi ya kijani, uchungu wa kukojoa, maumivu ya chini ya tumbo yanayoambatana na homa, au damu baada ya tendo la ndoa havipaswi kuhesabiwa kuwa ni utoko wa kawaida wa homoni, hata kama vimeanza mwezi ule ule njia ilipoanza, na kwamba vinahitaji uchunguzi bila kuchelewa. Mwanamke anayeona kuwa hawezi kuishi na badiliko alilolipata ana haki ya kubadilishiwa njia bila kubembelezwa wala kukemewa.

Linabaki suala la kuacha. Baada ya vidonge kuachwa, ute wa rutuba huweza kuonekana ndani ya majuma machache. Kijiti cha etonogestreli kikitolewa, dawa huisha mwilini katika muda wa kama juma moja, na wanawake wengi hupevusha yai ndani ya majuma sita. Sindano ni tofauti, kwani dawa hutoka katika msuli polepole, na wastani wa muda hadi kupata mimba ni karibu miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba wamekuwa tasa. Katika kungoja huko, dalili ya kwanza kwamba ovari zimeamka ni ute mwepesi wenye kuvutika, unaotangulia hedhi ya kwanza kwa takriban majuma mawili. Anayetafuta mtoto hana haja ya kungoja damu ili ajue kwamba wakati umefika, na yule ambaye hatafuti mtoto, lakini amesubiri hedhi irudi ndipo achague njia nyingine, huweza kupata mimba kabla ya hedhi hiyo kuonekana.